Mwaka wa Mipini Myeusi

Habari ya kufa kwa Fundi Amsi niliipata kwenye simu, kwenye lile kundi la watu wa Haydom tuliotawanyika, katikati ya salamu za kuzaliwa za mtoto wa mtu na tangazo la kikao cha harusi. Nilikuwa jikoni nachagua maharage. Watu wakaanza kumwaga pole zao: pumzika fundi wetu, mikono ya dhahabu, mtu wa watu. Mimi sikuandika kitu. Binti yangu alisoma juu ya bega langu akauliza, "Mama, ni ndugu yetu?" Nikamjibu hapana, ni mtu niliyefanya naye kazi mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini, na nilikuwa sijawahi kuusimulia mwaka ule hadi mwisho, hata kwa mume wangu, ambaye nimeshamsimulia mambo yangu ya aibu mpaka akaniomba nipumzike. Jambo lile tulilijua wawili. Sasa mmoja alikuwa amekwenda zake, na mimi nimebaki nalo, na silitaki.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, mita chache tu kutoka mabasi yanaposhusha wagonjwa wa hospitali. Ukutani mipini ilipangwa kuanzia ya majembe hadi ya visu vya kuchinjia, na sakafuni maranda ya mbao yalikuwa hayafagiliki yakaisha. Fundi Amsi hakufua chuma. Chuma alikinunua, yeye kazi yake ilikuwa mpini. Shoka letu la huku ulijue lilivyo: mti una kichwa kinene, kichwa kinatobolewa, na chuma kinapita kwenye tundu hilo kikakazwa kwa kugongwa. Mti ukinywea, chuma kinacheza. Ndiyo maana mtu wa Mbulu au Hanang akijua kesho ana kazi ya kuni, leo jioni analiloweka shoka lake kwenye ndoo, kichwa chini, asubuhi mti umevimba na chuma hakitikisiki. Baba analoweka, babu aliloweka, hakuna anayefundishwa. Mimi pia nilijua hivyo kama ninavyojua kufunga kamba za viatu. Halafu nikasahau kwamba ninajua.

Nilikuwa napiga msasa na kupaka mafuta. Chumba changu kilikuwa nyuma ya karakana, kitanda na jiko la mkaa, na ukuta wetu ulipakana na nyumba ya mama mmoja aliyepangisha vitanda kwa watu wanaosubiri kubadilishwa vidonda. Kwa hiyo mwaka ule wote nilisikia maongezi ya watu ambao sikuwaona sura. Nani amekatwa mguu, nani amepona, nani ndugu zake hawakuja. Mmoja alikuwa Natalia. Sauti yake niliijua kabla ya uso, kwa sababu alikuwa mcheshi kupita kiasi kwa mtu aliyeungua. Alikuwa ameangukia kwenye moto wa kupikia pombe huko kwao Balangdalalu, mkono wa kulia ukaungua wote, na baada ya miezi ya matibabu mkono ulipona lakini vidole vikakataa kufunga. Siku moja nikasikia anamwambia mwenzake ukutani, bila utani safari hii: "Mama mkwe ameshatuma salamu. Anauliza, huyo mke akirudi atashika nini? Mtoto wangu yuko kwake, amejifunza kutembea mimi sipo. Nikirudi siwezi kuchanja kuni, wataniweka pembeni kama kiti kibovu, na mtoto ataitwa wa mwingine."

Kesho yake akaingia karakana. Mwembamba, umri wangu, khanga kichwani, mkono wa kulia ameuficha kwenye kwapa. "Shikamoo fundi," akasema, na kwangu akaniambia, "mambo vipi, jirani." Kisha akatoa ule mkono akauweka juu ya meza mbele yetu, kama mtu anayeweka nyama kwenye mizani. "Nahitaji shoka ambalo mkono huu utalishika. Mnalo?" Fundi Amsi akampa moja la mpini mnene. Akajaribu. Likamponyoka likaanguka, akaokota. Likamponyoka tena. Mti tuliokuwa tunaupenda kwa kuwa laini na kung'aa ndio uliokuwa unamkimbia. Alipoinama mara ya tatu nikasema, sijui kwa nini nilisema mimi, "Niachie wiki moja."

Nilihangaika nayo ile wiki. Nilichukua gundi nzito ya mafundi viatu, ile ya kopo, nikakwangua tairi kuukuu kwa tupa mpaka nikapata unga mweusi nusu bakuli, nikachanganya. Nikapaka mpini tabaka la kwanza likachunika. Nikaukwaruza mti kwanza uwe na meno, nikapaka tena, nikaanika, nikapaka, nikaanika. Tabaka la nne lilipokauka mpini ulikuwa kama ngozi ya mnyama, mweusi, mkavu, ukiushika unakushika na wewe. Fundi aliuzungusha mkononi akacheka. "Loo, Vero, hili sasa ni shoka la mjini!" Natalia alikuja tukatoka naye uani. Hakuweza kuinua shoka juu kama watu wengine, kwa hiyo alikuwa anashikilia ukuni kwa mkono wa kushoto na kupiga kwa wa kulia, mapigo mafupi mafupi. Ukuni ukapasuka. Akapiga mwingine. "Halitelezi!" akapiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama. "Vero, halitelezi, jamani!" Akalia, na mimi nikalia, na Fundi Amsi akajifanya ana kazi ndani. Alipanda basi la kwenda kwao amelikumbatia lile shoka kama mtoto, na mimi nikajiona mtu wa maana kabisa.

Nasema wazi, ile furaha ndiyo iliyonivuruga. Watu waliona shoka la Natalia wakataka la kwao. Wauza nyama wakaleta visu, kwa sababu damu inatelezesha mpini, na visu havikuja kutusumbua hata baadaye. Majembe yakaja. Mashoka ndiyo yaliyotoka kwa wingi, kijiji chote cha Masieda, mpaka huko Hanang. Mwanzo, ya wateja nilikuwa napaka pale mkono unaposhika tu. Lakini wateja walipenda weusi, wakawa wanasema, "Huku juu mbona umeacha kitupu, kama suruali fupi?" Basi nikaanza kupaka wote, kutoka mwisho wa mpini hadi shingoni, hadi kichwani, nikabakiza tundu la chuma peke yake. Tena lile la kwanza kabisa, la Natalia, nilikuwa nimelipaka hivyo hivyo tangu mwanzo, kwa mapenzi, lipendeze. Fundi hakunizuia. Alikuwa na jina sasa. Akipita sokoni watu wanamwita fundi wa mpira, anaitikia akinyoosha shingo.

Masika yalipokwisha akaja Mzee Qamara wa Masieda na shoka lake limefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Hakuja kulalamika, maskini. Alikuja kwa sababu mpira ulikuwa umechubuka kidogo shingoni na alitaka nimpakie paendane. Akaliacha akaenda kumwona mgonjwa wake. Nikachukua kisu nikachana ule mpira uliochubuka nipate mahali safi pa kuanzia, na ncha ya kisu ikazama. Sikuwa nimekandamiza. Ilizama yenyewe. Nikavuta ngozi ile nyeusi ikatoka na mti, vipande vyeusi vinavyokatika kama keki iliyolowa, na harufu ya uyoga ikajaa chumba. Kwa nje lilikuwa shoka jipya. Ndani hapakuwa na mti tena. Chuma kilikuwa kinashikiliwa na gundi yangu tu.

"Fundi," nikaita. Akaja akaangalia. Nilimwona anaelewa, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Funga mlango."

"Ameliloweka," nikasema.

"Naona."

"Maji yanaingia kwenye tundu la chuma, fundi, na huku kwingine kote nimeziba. Hayatoki. Na wote wanaloweka! Kila mtu analoweka!"

"Punguza sauti." Alikaa kwenye gogo akajifuta uso kwa mikono miwili. "Sasa sikiliza. Huyu nitamwekea mpini mpya kabla hajarudi, hatajua. Hayo mengine, watu wakimaliza mavuno, nitapita nyumba kwa nyumba, niseme napaka upya bure. Kimya kimya. Ukitoka hapo nje ukapiga kelele, kesho jina langu ni tapeli wa kuua watu. Na lako pia, Vero. Usisahau aliyepaka ni nani."

Hakunitisha kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuvaa sweta. Na mimi nikakubali. Watu wa umri wangu tunapenda kusema ujana ni ujinga, tunajisamehe kwa sentensi moja. Sikuwa mjinga. Nilijua hasa mti ule ulikuwa na hali gani, nilikuwa nimeushika kwa vidole hivi. Niliogopa jina. Nilifikiri watu wakinionyesha kidole sokoni nitakufa, na nikaona ni afadhali kusubiri mavuno.

Wiki tatu. Kila basi lililofika nilitoka mlangoni na msasa mkononi, nikawa natazama wanaoshuka: mjamzito, mzee wa kifua, mtoto wa homa. Nilikuwa natafuta bandeji. Kichwa kilichofungwa taulo, mkono uliofungwa khanga. Nikimwona mtu amefungwa, naenda kumsalimia, "Pole, umeumia na nini?" Pikipiki. Ng'ombe. Kuanguka. Nashukuru Mungu kwa ng'ombe aliyempiga mtu pembe, fikiria hapo nilipofika! Na ukutani usiku sauti za wagonjwa wapya, na mimi nimeweka sikio nisikie neno shoka. Fundi naye alikuwa hacheki tena. Tulikula makande yetu mchana tukitazama sahani, na wateja walipokuja kuagiza mipini myeusi aliwaambia gundi imeadimika.

Siku niliyoamua kwenda nilikuwa kwa mama ntilie, na wanaume wawili meza ya nyuma walikuwa wanachekeshana. Mmoja alisema shoka la jirani yake limeruka. "Linainuliwa juu hivi, chuma hicho! Kimepita hapa, kimekwama kwenye ukuta wa zizi. Mwenyewe amebaki na fimbo." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Niliacha sahani yangu na wali umo. Nikamwambia fundi, naenda Balangdalalu, kesho basi la kwanza. Hakubisha. Alichukua mpini wa mti mkavu aliokuwa amejiwekea mwenyewe, akakaza chuma kipya, nikapaka pale pa kushika tu, na kesho yake kulipokucha akaniwekea kwenye kiroba. "Mpe hili kama zawadi," akasema. "Lile chukua, sema unakwenda kulipaka upya. Usiwaeleze zaidi. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Basi lilinishusha barabarani nikatembea. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu, upepo unapuliza vumbi baridi kwenye mashamba, mahindi yamesimama makavu. Nilifika mchana. Mama mkwe wake alikuwa mrefu, amenyooka, na alinipokea kama anavyopokewa mgeni wa mbali, yaani ipasavyo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Karibu ndani, karibu ukae." Natalia alitoka shambani mbio, mtoto mgongoni, akanikumbatia na jembe bado mkononi. "Vero! Umekuja kuniona! Mama, huyu ndiye niliyekuambia, wa mpini!" Akanionyesha mkono wake, akanionyesha rundo la kuni kando ya jiko, zote amechanja mwenyewe. Nikasema, "Natalia, njoo kwanza nina neno." Akacheka. "Neno gani mtu hajanywa hata maji? Kaa na mama. Kuku nimeshamwona."

Nikaingia, nikakaa, kiroba miguuni. Chumba kilikuwa na giza kidogo, kuta za udongo zimesiribwa vizuri, kalenda ya kanisa, kibuyu cha maziwa kimetundikwa. Mama mkwe alinimiminia maziwa ya mgando akaanza kuuliza habari, na kwa taratibu zetu habari haziulizwi mbiombio. Za nyumbani. Za wazazi. Za mvua za huko. Za mifugo. Nikijibu anasema vema, anakwenda nyingine. Kisha akashusha sauti akaniambia: "Mwanangu, nilimsema vibaya huyu binti. Nilifikiri amekwisha. Sasa anafanya kazi kuliko mimi. Ninyi mmenirudishia mkamwana." Na nje nikasikia shoka. Pigo fupi, kimya, pigo fupi. Alikuwa anachanja kuni za kunipikia mimi.

Ningeweza kusimama. Nimesimama mara elfu tangu siku hiyo, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani, nimesimama nikapiga kelele nikampita yule mama mlangoni. Lakini siku yenyewe nilikaa. Mgeni hamkatizi mwenye nyumba kwenye salamu, na ningesema nini mbele ya mama ambaye ndiyo kwanza ananishukuru? Kwamba hilo shoka lililomrudishia mkamwana limeoza? Nikajiambia, akimaliza kuuliza habari za shamba, nitatoka. Akauliza za shamba. Nikajiambia, nikimaliza maziwa haya. Pigo. Pigo. Nikahesabu mapigo kama mtu anayehesabu watoto wake. Mama mkwe akauliza, "Na dada zako wameolewa?" nikafungua mdomo kujibu, na nje kukawa na mlio tofauti, mlio laini, kama mtu kavunja boga.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama." Tulimkuta amepiga magoti, shingo ya mpini imekatika, na chuma kilikuwa kimejigeuza kikashukia mkono wa kushoto uliokuwa umeshikilia ukuni. Vidole vitatu. Vya mkono wake ule uliokuwa mzima. Ule wa kuungua ulikuwa bado umeng'ang'ania kipande cha mpini mweusi, haukutaka kuachia, na mimi ndiye niliyeufungua kidole kimoja kimoja ili nimfunge khanga. Tulipata gari la mzigo. Njia nzima hadi Haydom alilala mapajani mwangu, na karibu na kufika akanong'ona, "Pole Vero. Umekuja kuniona, nimekuharibia siku." Nikamwambia anyamaze, asipoteze nguvu. Hospitali walimpokea na kumfanyia yote yanayowezekana. Vidole havikuwezekana.

Fundi Amsi alilia nilipomweleza, kilio cha kweli, akagonga kichwa ukutani. Kesho yake alianza kuzunguka. Alitembea kijiji kwa kijiji, hakungoja mavuno wala nini, akakusanya mashoka yote, akabadilisha mipini yote bure. Kila alikopita watu walimwombea baraka, fundi gani huyu mwenye roho hii. Ndiyo ile mikono ya dhahabu ya kwenye simu. Ya Natalia ikasemwa ni bahati mbaya, alikuwa na mkono dhaifu. Hakuna aliyeuliza, nasi hatukusema. Mwisho wa mwaka nikaaga nikaondoka.

Nilikwenda kumzika. Kwao Masieda kulikuwa na watu wengi, maturubai mawili, na nilipokuwa natafuta kiti nikasikia jina langu kwa sauti ile ile ya ukutani. Natalia amezeeka vizuri, amenenepa. Alikuwa amekaa na mjukuu wa miaka kumi hivi, anayemshikia chupa ya soda mdomoni. Alinivutia kwake kwa viwiko. "Jamani mtazameni huyu!" akawaambia wanawake wa jirani. "Huyu ndiye niliyewaambia! Watu wote wa Haydom walinisahau, yeye alipanda basi akaja mpaka Balangdalalu kuniona. Siku ile angekosekana ningekufa." Wakanipa mikono. Mmoja akasema Mungu akuzidishie. Mjukuu akanisalimia shikamoo bibi, anatabasamu, inaonekana hadithi anaijua kwa kichwa. Ningekaa nikanywa soda yangu. Ilikuwa rahisi mno. Nikamwomba tusogee pembeni, nyuma ya turubai, nikamwambia yote, tangu Mzee Qamara mpaka kiroba.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Na ulipokuwa ndani na mama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulinisikia nachanja?"

"Nilikusikia, Natalia. Kila pigo."

Alitazama watu waliokuwa wakijipanga kutupa udongo. Sikuona hasira usoni, na ningependa niione, ningejua la kufanya. Akamwita mjukuu wake. "Neema, njoo hapa. Ile habari niliyokuwa nawasimulia, kwamba bibi huyu alitoka Haydom kuja kuniona."

"Ndiyo bibi."

"Usiisimulie tena. Alikuja kufuata shoka."

Mtoto akatuangalia kwa zamu, yeye, mimi, yeye. "Kwani hakuwa rafiki yako?"

"Muulize mwenyewe," Natalia akasema, na mtoto akanigeukia, akasubiri.